Woga wa Mama Maombi

Kwa maombi, mama huyu hakuwa na mpinzani. Jino likikuuma, anaitwa yeye; mtoto akifeli, yeye. Ndiyo maana wanawake wa kanisani wakampa jina la Mama Maombi, ingawa kazi iliyomlisha ilikuwa cherehani.

Siku alipogusa uvimbe kwenye titi akioga, aliwaambia wenzake wa kikundi. Wakalia, wakafunga, wakakemea. "Hospitali ni kwa wasioamini," akasema Mama Maombi, na wote wakaitikia amina. Loo, ushujaa ulioje! Wakamsifu hata mbele ya mchungaji. Uvimbe, ambao haukuwa mshirika wa kanisa lolote, ukaendelea kukua mwaka mzima.

Aliyemjua vizuri ni wifi yake, msusi, mwanamke mwenye mdomo usio na breki. Alimfuata hadi kwenye cherehani.

"Wifi, usinifanye mtoto mdogo. Eti imani! Unaogopa sindano, unaogopa na jibu, basi umemfanya Mungu pazia la kujifichia."

"Toka hapa na mdomo wako mchafu!"

"Natoka. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua."

Wifi akaenda zake saluni. Mama Maombi akajitia hamnazo, akarudi kwenye mshono, miguu ikakataa kukanyaga. Akainamia kitambaa cha watu, na kwa mara ya kwanza tangu augue akaomba bila kelele.

"Baba, naogopa. Naogopa sindano, naogopa na jibu. Nishike mkono niingie huko, na lolote watakaloniambia, mimi ni wako."

Hakuona nuru, hakusikia sauti. Ila moyo ulitulia, akavaa viatu, akamkuta wifi yake saluni, katikati ya kusuka kichwa cha mteja. "Twende," akamwambia, "kabla sijageuka."

Majibu ya vipimo yalipotoka, daktari alivua miwani. "Mama, ungekuja mwaka jana tungekuwa tunaongea mengine."

Wifi akaangua kilio. Mama Maombi hakulia. Woga aliouficha muda wote ule ulikuwa umemtoka, na Mungu alikuwa naye mle chumbani; hilo hakulitilia shaka hata kidogo. Na hapo ndipo palipomuuma: kumbe hata mwaka jana angemkuta mle mle.

Jumapili alisimama mbele ya kikundi. Alipiga moyo konde kwa ajili ya mtu mmoja, mke wa seremala, ambaye naye alikuwa na uvimbe shingoni na alikataa hospitali kwa kumwiga yeye.

"Jamani, niliwadanganya. Ile haikuwa imani. Niliogopa kupimwa, nikamsingizia Mungu, na sasa nimechelewa. Mdogo wangu, kesho nikupeleke. Mungu yuko hata kule."

Kisha mmoja akasema kwa huruma, "Maskini, shetani kamwibia imani."

Wakamzunguka, wakamwekea mikono, wakakemea roho ya woga kwa maneno aliyowafundisha yeye mwenyewe. Alijaribu kuwaambia kwamba haogopi tena, sauti yake ikamezwa. Walimshika kwa upendo wa kweli, wala hapakuwa na mnafiki pale. Na aliyembana kichwa kwa nguvu kuliko wote, machozi yakimtiririka hadi kwenye ule uvimbe, alikuwa mke wa seremala.