Spidi ya Mwalimu Revelian

Wimbo wa dakika mbili na nusu ulichukua dakika sita na sekunde kumi. Nilipima kwa simu mara tatu. Ilikuwa Jumatano asubuhi, na harusi ilikuwa Jumamosi.

Wimbo huo aliutunga Mwalimu Revelian, aliyekuwa kiongozi wa kwaya yetu hapa Goba, kwa ajili ya binti yake Kokushubila. Aliutungia kwenye Amiga aliyoachiwa na padri mmoja Mjerumani, kompyuta ya zamani ambayo yote imo ndani ya kibodi. Wimbo una sauti kumi na sita, kinanda, filimbi, ngoma, na zote mashine inazichanganya yenyewe. Ni kazi nzito, ndiyo maana padri aliifungia tumboni bodi ya kuongeza kasi. Mwalimu alifariki mwaka juzi. Kokushubila alitaka kuingia kanisani kwa wimbo ule, upigwe na mashine ya baba yake na si kitu kingine.

Aliileta dukani kwangu, ninapotengeneza vyombo vya umeme, Jumatatu, imefungwa kwenye khanga. Tukaiwasha, akasikiliza mpaka mwisho.

"Anko Lusungu," akasema, "kwa mwendo huu mie naingia kanisani kama nafuata jeneza."

"Hilo ni vumbi tu, mwanangu. Kesho uje uchukue."

Halikuwa vumbi. Nilipuliza, nikasugua meno ya bodi kwa spiriti mpaka yakang'aa. Dakika sita. Nikasema umeme hauitoshi, nikaifungia pawa saplai nyingine. Dakika sita. Nikaigusa chipu kwa kidole, haina joto la kutisha. Nikaing'oa bodi nzima, nikapiga wimbo bila bodi. Dakika saba. Yaani bodi ilikuwa hai, inakula umeme kama kawaida, na faida yake yote ni dakika moja. Kokushubila alipopita Jumanne nikamwambia vumbi lilikuwa sugu.

Kipande cha memori cha kwenye bodi nilikiona kwa macho yangu. Kimekaa mahali pake, safi. Nikakipita.

Jumatano, nilipokuwa sina tena cha kufungua, nikafanya jambo ambalo mtu mwenye akili huanza nalo. Nikasoma kioo. Juu kabisa mashine inaandika ina memori kiasi gani, na iliandika megabaiti mbili. Bodi peke yake ilitakiwa kuwa na kumi na sita. Namba ile ilikuwa pale tangu Jumatatu, ila mimi nilikuwa nasoma kwa bisibisi. Bodi ilikuwa imekosa memori yake yenyewe, ikawa inapanga foleni kwenye ile memori ya zamani ya mashine, iliyo nzito. Ni kama umemwajiri mkimbiaji kisha ukamtuma maji kwenye bomba moja la mtaa mzima.

Nikakichomoa kile kipande safi. Nyuma yake palikuwa na doti nyekundu ya rangi ya kucha.

Rangi ya kucha ni ya mke wangu. Doti ni yangu. Kila spea iliyokufa hapa dukani naitia doti, nisije nikamfungia mteja. Kipande hiki nilikitia doti kwa mkono wangu, kisha nikamfungia mteja kwa mkono huohuo.

Ikanijia yote. Miaka minne iliyopita Mwalimu aliniletea mashine nibadilishe swichi. Wiki hiyohiyo printa ya Filomena, mwenye duka la kuchapisha kule Mbezi Luis, ikafa memori wakati wa mitihani, watu wamejipanga mpaka barabarani. Printa zile za zamani zinatumia kipande kilekile. Nikaazima. Kila fundi anaazima. Unachukua kwa mzee asiye na haraka unampa mwenye foleni. Na ili pengo lisionekane nikachomeka kibovu. Nilisema nitarudisha Ijumaa. Sikusema Ijumaa ipi.

Nilicheka mpaka muuza chipsi wa jirani akaja kuuliza nani kafiwa.

Nikapanda bodaboda hadi Mbezi Luis. Filomena alikuwa anachapa fomu, printa inatema karatasi kama inalipwa.

"Naomba nifungue printa," nikasema. "Kuna kitu cha mtu humo."

"Cha nani?"

"Mwalimu Revelian."

"Marehemu?" Akasimamisha mikono. "Lusungu, miaka minne nachapa kwa mali ya marehemu?"

"Ndiyo."

"Ndiyo maana karatasi hazikwamagi." Akakaa juu ya kopo la rangi, akacheka mpaka kilemba kikalegea. Wateja nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Kisha akanyooka. "Unaleta lini kingine?"

"Ijumaa."

"Ijumaa yako naijua. Sikiliza. Hiyo harusi nataka kadi."

"Kadi sigawi mimi. Watu wamechanga."

"Na wewe umechanga?"

Kamati ya harusi ilinifuata mara tatu, na mara tatu nilijificha chooni.

"Basi changa," akasema. "Kadi ya watu wawili. Mie na wewe, meza moja. La sivyo printa haifunguliwi."

Nikawatumia kamati hela palepale kwa simu, na Filomena akasoma ujumbe wa risiti mara mbili kabla ya kunipa bisibisi.

Saa tisa alasiri Kokushubila alikuja dukani na rola kichwani. Nikawasha. Dakika mbili na sekunde ishirini na tisa. Kufika ubeti wa pili alishavua ndala, anacheza mbele ya duka, na muuza chipsi anampigia makofi na mwiko mkononi.

Ningeweza kunyamaza. Ila Filomena akikaa meza moja na watu wa Goba, supu haitaisha kabla hawajajua wote. Nikamwambia Kokushubila kila kitu.

"Kwa hiyo mwizi wa spidi ya baba ni wewe, anko."

"Ni mimi."

Alicheka mpaka rola mbili zikadondoka. Kisha akasema, bado anafuta machozi, "Baba alidhani ni uzee. Alikuwa anaiwasha, anasikiliza kidogo, anazima. Anasema hii nayo imechoka kama mimi." Akaziokota rola. "Angekutandika na fimbo yake ya kuongozea kwaya."

"Ningekaa nitandikwe."

"Piga tena," akasema. Nikapiga tena, mara nne.

Jumamosi alitembea kwa mwendo wa baba yake mpaka altareni, na Filomena aliwasimulia watu kabla hata supu haijaletwa.

Gharama ni hizi. Siku tatu za kazi. Mchango wa kadi ya watu wawili, laki moja na nusu. Memori nyingine ya Filomena, elfu arobaini, niliyopeleka Ijumaa ileile. Ujira wa mashine ya Mwalimu, sikudai. Wateja wawili wa pale mezani, waliokuja Jumatatu kuchukua redio zao kabla sijazifungua. Na miaka miwili ambayo Mwalimu Revelian aliwasha mashine yake, akasikia wimbo unakokota, akazima.