Tope la Kuazima

Wageni kutoka wizarani walikuwa waje Jumatatu, na mimi sikutaka mtu aseme mtambo wangu unanuka. Kwa hiyo Jumapili nilisugua sakafu zote kwa klorini, na madumu matatu yaliyobaki nikayamimina ndani ya bwawa kubwa lenyewe. Miaka kumi na minne nasafisha maji taka ya mji huu, halafu nikafanya ujinga ambao hata mfagizi wa siku ya kwanza asingeufanya. Mashine zetu zinapuliza hewa tu. Wanaokula uchafu ni vijidudu wanaoishi kwenye tope, na mimi nilikuwa nimewanywesha sumu.

Wageni walisifu usafi, wakapiga picha, wakaenda zao. Jumanne povu la bwawani likageuka kijivu. Nilichota maji kwenye gilasi nikayaacha nusu saa. Siku zote tope hutuama chini, juu yakabaki maji maangavu. Safari hii yalibaki mazito vile vile, kama uji.

Nilifunga lango la mtoni, nikayageuzia maji kwenye bwawa la akiba. Hilo hujaa kwa siku tatu. Likifurika, uchafu wote unaingia mtoni, na kilomita nane chini anaishi kaka yangu na watoto wake, wanaooga na kufua humo humo.

Dawa ilikuwa moja tu: kuazima tope lenye uhai. Mtambo wa karibu unaendeshwa na wifi yangu, mke wa huyo huyo kaka. Tulikuwa hatusemeshani tangu nilipomwambia mbele za watu kwamba kazini kwake kunanuka kama choo cha stendi. Nilishika simu mpaka chai ikapoa, kisha nikajikaza nikapiga.

"Wifi, nimeua vijidudu wangu."

"Kwa nini?"

"Klorini. Nilitaka pasinuke."

Akaziba simu kwa kiganja. Nilijua anacheka, na nilistahili.

"Sasa tope la kwangu linanuka, wifi. Utaliweza?"

"Nilikukosea. Nisamehe."

"Hayo tutayaongea. Washa mashine zote za hewa, nakuja na lori."

Aliendesha mwenyewe, kilemba kimekaa upande. Tope lake lilikuwa la kahawia, lina harufu ya udongo uliolowa, na nilipoliona likitiririka bwawani nilitamani kulikumbatia lile bomba. Jioni alileta lori la pili, na Jumatano mengine mawili, wala hakunidai hata asante.

Alhamisi adhuhuri bwawa la akiba lilikuwa limebakiza kiganja kimoja lifurike. Tulichota maji, tukasubiri. Tope likatuama. Kupitia maji ya juu niliona vidole vya wifi upande wa pili wa gilasi, mpaka kucha. Nililia na sikuona haya. Tukazungusha gurudumu la lango pamoja, maana lilikuwa limekaza.

"Sasa mpigie kaka yako," akasema.

"Si umpigie wewe, mumeo huyo?"

"Aliyeharibu ndiye anayepiga."

Alipokea binti yao mdogo. "Shangazi, mama katukataza kwenda mtoni tangu juzi. Kasema ni wewe."

"Ni mimi kweli, mwanangu. Niliharibu maji, mama yako akanisaidia kuyatengeneza."

"Kwa hiyo twende?"

Nilitazama maji yakipita langoni kuelekea kwao.

"Kesho asubuhi. Lakini msiingie mpaka nifike," nikamwambia. "Wa kwanza kuoga ni mimi."