Jeli ya Kukamata Zebaki

Dieudonnée alirudi Salamabila, mji wa machimbo ya dhahabu mashariki mwa Kongo, baada ya miaka saba Ubelgiji, na kisanduku chenye vipande thelathini vya jeli, kila kimoja kidogo kama punje ya mahindi. Alivitengeneza mwenyewe maabarani kwa kuunganisha nyuzi za DNA na polima, aina ya plastiki laini inayofyonza maji. Nyuzi zile hukamata zebaki. Kipande kikilowa maji yenye zebaki, kisha kikatiwa rangi maalumu na kumulikwa kwa taa ya zambarau, kinang'aa kijani.

Alianza na baba yake, mzee Kassimu, aliyesafisha dhahabu kwa zebaki nyuma ya nyumba miaka yote. Siku hizi mikono ya mzee ilitetemeka hata kikombe kilimshinda. Dieudonnée alichota maji ya kisima chao, akatumbukiza kipande, wakangoja hadi adhuhuri. Wakafunga madirisha, akamulika. Kijani kitupu.

"Baba, hii maji iko na zebaki. Tusikunywe tena."

"Hii maji ndiyo ulikunywa ukakomaa. Na hii kazi ndiyo ilikusomesha. Leo unaiita sumu?"

"Baba, tazama mikono yako."

"Nyamaza, mwanangu."

Hakunyamaza. Alienda mtoni kuwaambia wachimbaji wa dhahabu kwamba zebaki yao inaingia kwenye maji ya kunywa. Kabla ya juma kwisha, habari zilizagaa kwamba ametumwa kufunga migodi. Wanawake waliompokea kwa vifijo wakawa wanampa mgongo. Baba yake alifunga virago, akahamia kambini kwa wachimbaji. Dieudonnée alibaki akipika chakula cha mtu mmoja, akijisemesha Kibangubangu, lugha ya kwao, ili ndani ya nyumba isikike sauti.

Mwezi wa pili tangu arudi, Chancelle, jirani mjamzito ambaye mimba zake mbili za awali ziliharibika, aliingia kwa mlango wa nyuma na chupa ya maji.

"Usiambie mutu kama nilikuja."

Kipande kilipong'aa, Chancelle alimwaga nje maji yaliyobaki chupani.

"Sasa nitateka wapi?"

"Kuna chemchemi kule kilimani. Nimeipima, iko safi. Ila iko mbali."

Tangu hapo Chancelle alipanda kilima kila asubuhi. Wakikutana njiani, Chancelle hakumsalimu. Mume wake alikuwa mchimbaji.

Siku alipojifungua mtoto wa kike, mzima, vigelegele vilivuka ua. Dieudonnée hakuitwa. Alisimama jikoni na mwiko mkononi, akitabasamu, akageuka kutafuta wa kumwambia.