Siku ya Ishirini ya Kenna

Sisi watu wa Nebraska tuna ugonjwa wetu: hatupiti mlangoni mpaka tumempisha mwenzetu, naye hapiti mpaka atupishe sisi, na mlango unabaki wazi baridi ikiingia. Mimi, Marlys Sindelar, mfuga ng'ombe, ninaugua kuliko wote.

Februari ile nilikwenda Lincoln, kwenye bunge la jimbo, pamoja na Geneva Thorson, muuguzi wa shule yetu. Tulifuata muswada mmoja: msichana wa shule akijifungua apewe siku kumi za kupumzika, na akienda kliniki asihesabiwe mtoro. Binti yangu Kenna, wa darasa la mwisho, alikuwa na mtoto wa wiki sita, na daftarini alikwisha kuandikiwa siku kumi na tisa za utoro. Ya ishirini ikiingia, shule haimpi cheti. Hilo tu ndilo lililonitoa nyumbani. Siasa siipendi hata kidogo.

Kwetu kila muswada husikilizwa na kila mwananchi huruhusiwa kusema. Wanaounga mkono hutangulia, wanaopinga hufuata. Unakaa viti vya mbele, nafasi ikipatikana unakwenda mezani, unapewa dakika tatu. Taa ikiwa nyekundu, unanyamaza.

Nilikuwa wa nne. Akaja daktari na haraka zake, nikampisha. Akaja mchungaji. "Tangulia tu, baba." Kisha mwalimu mwenye kikohozi.

"Marlys, utapisha mpaka nani? Mpaka mfagizi?" Geneva alininong'oneza.

"Si unaona anavyokohoa, maskini?"

"Naona. Na wewe naona kichwa kilivyo kigumu."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilikuwa nimeinama kumwokotea mama mmoja glovu yake, nikamsikia Mwenyekiti, Seneta Oltmans, akisema, "Kuna mwingine anayeunga mkono? Hakuna. Tuwasikie wanaopinga."

"Mimi hapa!" nikaruka.

"Pole sana, mama. Tumeshafunga."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Halafu haya ikageuka hasira. Maili mia mbili kwenye barafu, nije kuokota glovu! Mzee mmoja akapinga, akalalamikia kodi, akaondoka. Mwenyekiti akauliza, "Mwingine anayepinga?"

Nikasimama. Geneva akanivuta sweta. "Umerukwa na akili?"

"Niachie sweta yangu."

Nikaketi mezani, taa ikawaka kijani. "Naitwa Marlys Sindelar. Naupinga muswada huu." Nyuma yangu nilimsikia Geneva akiguna kama aliyekanyagwa kidole. "Naupinga kwa sababu ya hizo siku kumi. Aliyeziandika hajawahi kuzaa, nadhani hajawahi hata kuona paka akizaa. Kwangu jike likishazaa, halisogezwi kwa dume mpaka zipite siku sitini, na hilo halina mtihani wa hesabu Jumatatu. Binti yangu alirudi darasani wiki ya pili, maziwa yakimlowesha blauzi, kwa sababu ya kuogopa daftari la mahudhurio."

Watu wakacheka, kisha wakaacha. Seneta Bartunek, mfuga ng'ombe kama mimi, aliyekwisha kutangaza kwamba kura yake ni hapana, akainua kichwa. Taa ikawa nyekundu.

"Muda umekwisha, mama," alisema Mwenyekiti.

"Nina swali kwake," Bartunek akasema. "Seneta akiuliza, taa haihesabu." Akainama kunielekea juu ya meza yake. "Bi Sindelar, tumemsikia daktari, tumemsikia mchungaji, sasa wewe. Kila mtu anamsemea huyu msichana. Yeye mwenyewe yuko wapi? Kwa nini hakuja?"

Aliuliza kama mtu aliyekwisha kushinda, na kwa kitambo kidogo nilitamani kumrushia kipaza sauti.

"Yuko darasani, Mheshimiwa," nikasema. "Angekuja hapa, leo ingekuwa ya ishirini."

Bartunek alivuta karatasi ya muswada, akaisoma kwa mara ya kwanza nadhani, akaikata ile kumi kwa kalamu.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi nitaupigia kura ya ndiyo. Ila si huu wa siku kumi."

Nililia pale pale mezani, mbele ya maseneta wanane, wala sikuona haya.