Mkahawa Ulioinama

Kila Jumamosi asubuhi Fumie Hatakeda alifika mapema kwenye kituo cha treni na kumwambia Bwana Nagao atashukia wapi. Bwana Nagao, mhudumu wa kituo mwenye glavu nyeupe, alipiga simu kule atakakoshukia ili mtu awe tayari kumpokea, kisha akalaza ubao wa kukunja kati ya jukwaa na behewa. Fumie alisema, "Samahani kwa usumbufu." Bwana Nagao alisema, "Samahani kwa kukuchelewesha." Kiti cha magurudumu cha Fumie kikapita juu ya ubao, naye akaenda Hinokawa kwa shangazi yake.

Njiani treni ilisimama kidogo Tsubota. Milango ilifunguka, harufu ya supu ya dagaa wakavu ikaingia, milango ikafungwa. Fumie hakuwahi kushuka hapo. Ukishasema Hinokawa, ubao unakungoja Hinokawa. Kwa hiyo alivuta pumzi ndefu, akaishikilia harufu ile kifuani mpaka treni ilipovuka mto.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili nguruwe mwitu alilala juu ya reli mbele ya Tsubota na kukataa kuamka. Kondakta aliomba radhi kwa niaba ya nguruwe. Abiria walishuka wakasubiri, na Fumie akashushwa kwa ubao wa akiba.

Aliifuata harufu, akapita posta na shamba la vitunguu, mpaka kwenye mkahawa wa mbao wenye pazia fupi la buluu mlangoni. Mbele ya mlango kulikuwa na ngazi mbili za mawe.

Alizijua ngazi za namna hiyo. Mjini kwao alikuwa amekula keki za mchele mlangoni, pweza wa kuchoma katikati ya baiskeli, na chakula cha siku yake ya kuzaliwa chini ya upenu, mvua ikinyesha, marafiki zake wakimpungia mikono kutoka dirishani. Kila mara waliuliza kama hajali. Kila mara alijibu, "Hapa nje panatosha."

Mwenye mkahawa, Bi Ochi, alitoka akijifuta unga mikononi.

"Karibu, karibu... Lo, samahani sana, mteja wetu. Ngazi hizi nilizikuta nilipoolewa." Akainama.

"Wa kuomba samahani ni mimi," Fumie alisema, naye akainama. "Hapa nje panatosha."

"Kwenye baridi hii? Aibu ni yetu." Bi Ochi akainama zaidi.

Fumie hakuweza kumwacha mtu mzima awe chini yake. Aliinama mpaka paji la uso likakaribia magoti. Bi Ochi alishika kiuno akashuka tena. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyanyuka.

Mkahawa nao haukuweza kubaki wima huku mwenyewe ameinama kiasi hicho. Ukainama. Paa lilitangulia, vigae vikigongana taratibu. Nguzo za mbele zikajikunja kama magoti, ngazi mbili zikazama ardhini, na kizingiti kikagusa barabara.

"Shikeni bakuli!" mtu alisema ndani.

"Ingia upesi, mwanangu," Bi Ochi alisema. "Mgongo wa nyumba hii si kama zamani."

Ndani sakafu ilikuwa imelala mshazari. Mzee Tokuji, seremala mstaafu aliyekula hapo kila siku, alichomeka kipande cha mbao nyuma ya gurudumu ili kiti kisirudi nyuma. Fumie alipangwa naye kwenye meza ndefu, bega kwa bega. Akaletewa bakuli la udon, tambi nene za ngano kwenye ile supu, zenye majani ya kitunguu, tangawizi iliyokunwa, na kamba wa kukaanga aliyekuwa bado analia mafuta. Mvuke ulimziba miwani. Alivuta tambi moja kwa vijiti, kimyakimya.

"Binti, unazila au unaziomba ruhusa?" Mzee Tokuji aliuliza. "Zivute kwa kelele. Zikisubiri zinavimba."

"Mwache mtoto wa watu," Bi Ochi alisema. "Wewe mwenyewe supu yote iko kwenye suruali."

"Hili ni jasho."

"Jasho lenye kitunguu?"

Meza nzima ilicheka. Fumie alizivuta tambi kwa kelele. Kiwiko cha Mzee Tokuji kiligusa chake, kikabaki hapohapo, kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo.

"Huwa inainama?" Fumie aliuliza.

"Nyumba hii ina adabu sana," Bi Ochi alijibu kwa fahari. "Ilimwinamia mama mkwe wangu alipovunjika nyonga."

"Na baba yangu aliporudi vitani na mguu mmoja," alisema Mzee Tokuji.

"Na ngazi?"

"Zinazama. Ukitoka zinarudi. Nyumba lazima isimame."

Wote walikubali kwamba nyumba lazima isimame. Fumie alitazama kile kipande cha mbao nyuma ya gurudumu, kilivyokatwa vizuri. Neno lilimfika ulimini. Akalimeza pamoja na supu.

Alipotoka, mkahawa ulijinyoosha kwa kuguna. Ngazi ziliibuka zikiwa na udongo, na Bi Ochi akazifagia. Nguruwe alikuwa ameamka.

Wiki nzima Fumie alikula chakula chake cha jioni akikikumbuka kile kiwiko.

Jumamosi iliyofuata Bwana Nagao alikuwa ameshashika simu. "Hinokawa, kama kawaida?"

"Tsubota."

"Kuna shughuli Tsubota?"

"Nakwenda kula. Shangazi nimemwambia nitachelewa."

"Ahaa," Bwana Nagao alisema, akaanza kubonyeza namba. "Agiza kamba."

Ngazi mbili zilikuwa palepale, safi. Bi Ochi alitoka mbio. "Samahani sana, mteja wetu," akaanza kuinama. Juu yake vigae viligongana. Msumari uliochakaa ulichomoka kwenye nguzo, ukadondoka karibu na gurudumu la Fumie.

Shingo ya Fumie ilikuwa tayari njiani kuelekea chini, yenyewe. Aliizuia. Masikio yalimwaka moto. Bi Ochi alibaki ameinama peke yake, akimchungulia kutoka chini, na mkahawa ukaning'inia nusu, haujui ushuke au upande. Ndani watu walishika bakuli zao.

"Samahani," Fumie alisema. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Sikumaanisha hivyo. Bi Ochi, nyumba isiiname tena, inaumia. Hapa nje hapajawahi kunitosha. Nataka kula ndani, pamoja nanyi, kila Jumamosi. Na Mzee Tokuji ni seremala, anaweza kututengenezea ubao wa kupita juu ya ngazi, kama ule wa treni."