Hatua Sabini za Zipora

"Rudia," alisema Lea. "Hicho kidude chako kimelala. Rudia."

Sabrina, binti mpimaji aliyeletwa na mradi wa hati za kimila, hakukasirika. Alirudi mpaka kwenye kona ya shamba la Lea, kishikwambi amekishika kifuani kama mtu aliyebeba sinia la chai, akasubiri kilie, kisha akatembea hadi kwenye mkonge wa mpaka wa pili na kusubiri tena. Ilikuwa mara ya tatu. Jua la mwezi wa sita lilikuwa limeshapanda juu ya vilima vya Mlali, lakini upepo bado uliuma masikio, na wanakamati wa ardhi walikuwa wamejikunyata kwenye makoti yao kama kuku wa mvua.

"Ni yaleyale, mama. Upana mita hamsini na sita. Ekari kamili ingekuwa sitini na tatu. Umepungukiwa saba."

"Mmesikia?" Lea aliwageukia watu, kidole kimemwelekea jirani yake Castory. "Saba! Miaka thelathini na minane nasema huyu mzee anakula shamba langu, mnaniita mgomvi. Leo mashine imesema, nayo ni mgomvi?"

Castory alivuta kofia yake ya sufu mpaka kwenye nyusi. "Basi nipimwe na mimi. Tuone tumbo langu lina mita ngapi."

Watu walicheka. Zipora hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye tuta, miguu yake mirefu ameinyoosha mbele, mikono ndani ya kitenge. Watoto waliopita kwenda shule walikuwa wamemsalimia kama kila siku, "Shikamoo, bibi Sabini," naye akaitikia marahaba. Jina hilo alilipata kabla hata mama zao hawajazaliwa.

Wakati ule shamba lote hili, kutoka barabarani mpaka korongoni, lilikuwa la kijiji. Watu walilima pamoja, wakaimba pamoja, na mavuno yakapungua pamoja. Mwaka themanini na saba ikaamuliwa ligawanywe, kila kaya ekari moja. Bwana shamba alikuja na mnyororo wa kupimia, ukakatika siku ya kwanza. Akakuna kichwa, akasema ekari ni hatua sabini kwa sabini, nipeni mtu mwenye hatua isiyoyumba. Wakajaribiwa wanaume kumi. Mmoja alitembea kama anakimbizwa, mwingine kama anatafuta sindano. Ndipo Marko akasema kwa aibu ya mtu aliyeoa juzi, "Mjaribuni mke wangu."

Zipora alikuwa na miaka ishirini na minne na alikuwa mrefu kuliko mlango wa nyumba yao. Walimtembeza kando ya kamba, hatua kumi. Mita tisa. Wakamtembeza tena. Mita tisa. "Huyu ndiye mnyororo," alisema bwana shamba. Basi mwezi wa tano wote alitembea safu ya juu, wanawake wakimfuata kwa vigelegele, wakihesabu naye kwa sauti, na kila akifika sabini mtu mmoja alichimbia chipukizi la mkonge na familia nzima ikarukaruka pale kama wamepata mtoto. Hakuna siku Zipora alizowahi kuzipenda kama zile. Mpaka leo, akisonga ugali, mkono wake huhesabu wenyewe na kukoma kwenye sabini.

Safu ya chini, hii ya akina Lea na Castory, haikupimwa mwezi huo. Wazee walibishana, wengine hawakutaka kuligawa lote. Walipokubaliana, ulikuwa mwezi wa kumi.

"Shamba la mzee Castory," alisema Sabrina kutoka kule. "Hamsini na sita."

Lea alisogea karibu asikie vizuri.

"Sema tena," alisema mwenyekiti wa kamati.

"Hamsini na sita. Sawa na la mama Lea. Na yale manne ya kule nimeshayapima, yote hamsini na sita." Sabrina aligusa kioo kwa kidole. "Hapa hakuna aliyemla mwenzake."

"Sasa imekwenda wapi?" Lea aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli. "Ardhi haina miguu."

Sabrina akasema, kwa sababu ndivyo fomu yake ilivyotaka, kwamba majirani wasipokubaliana juu ya mipaka hawezi kuandika hati hata moja. Safu nzima itaandikwa yenye mgogoro, na mradi unahamia wilaya nyingine Jumatatu. Ili kupoza mambo aligeukia karatasi zake nyingine. "Wakati mnafikiria, nimalizie maswali. Tangu mashamba yagawanywe, kijiji kimeendelea kiasi gani? Sana, kiasi, au hakuna?"

"Andika tumezeeka," alisema Castory.

Kipande cha mwisho kilikuwa kule korongoni, na juu yake alisimama Denis, mtoto wa Zipora, panga mkononi, katikati ya alizeti zilizoinamisha vichwa vyeusi tayari kuvunwa. Shamba lao la safu ya juu liliuzwa baba yake alipougua, kwa hiyo hiki ndicho walichobaki nacho. Alishafyatua matofali elfu mbili, ameyapanga kando ya alizeti na kuyafunika kwa nyasi. Alisubiri hati kama watu wanavyosubiri mvua, akitazama upande inakotokea.

"Hapa arobaini na mbili," alisema Sabrina. "Ila kwenye daftari la zamani la kijiji hiki kipande hakipo."

"Ni cha mama," alisema Denis. "Alipewa. Kilibaki mwishoni, wakasema mpimaji achukue, jasho lake. Muulizeni mtu yeyote."

"Kweli, alipewa," walisema wazee. "Mbele yetu sote."

Saba mara sita, arobaini na mbili. Zipora alikuwa ameifanya hesabu hiyo jikoni, njiani, kanisani wakati wa mahubiri. Alitazama nyuso za watu akaona hakuna aliyeifanya. Angeweza kukaa kimya. Upepo ungevuma, watu wangeona njaa, Sabrina angepanda pikipiki yake. Safu ingekosa hati, lakini alizeti zingebaki za Denis, na matofali ya Denis, na Lea angeendelea kumchukia Castory kama alivyozoea. Jamani, si kwamba alikuwa mtu mbaya. Siri ya namna hii huanza ndogo, unaiweka chini ya mkeka ukisema kesho nitaitoa, na kesho unakuta mkeka umeota mizizi hapohapo.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini, mama Denis?" aliuliza mwenyekiti.

Zipora aliinuka kwa kushika tuta. "Safu hii niliitembea nikiwa na mimba ya miezi tisa. Miguu ilikuwa imevimba. Niliona nimechoka, sikuona kwamba hatua imefupika. Nilihesabu sabini, na sabini zilitimia. Lakini hazikuwa sabini zile. Kila mtu alipungukiwa, na yote yaliyopunguka yakarundikana kule mwisho. Ndicho kipande walichonipa." Alitazama kule kwenye alizeti. "Siku mbili baadaye nilimzaa Denis."

Kule kwenye alizeti Denis alishusha panga. Kisha Castory akasema polepole, "Kumbe mwizi alikuwa tumboni!"

Watu walipasuka. Walicheka mpaka mwanakamati mmoja akajishika magoti, mpaka Sabrina akaficha uso kwa kishikwambi. Denis peke yake hakucheka. Na Lea.

"Ulijua lini?" aliuliza Lea.

Kicheko kilikatika.

"Ulijua leo, au lini, Zipora?"

"Mwaka wa tatu." Zipora hakuweza kumtazama. "Nilipita shambani kwako na kapu la samadi. Nikahesabu tu, kama ninavyohesabu. Nikafika mkongeni kwenye sitini na mbili. Nikarudi nikahesabu tena. Mara tatu. Nilimwambia Marko, akasema tumepewa mbele ya watu, funga mdomo. Na wewe ulikuwa umeshaanza kumtukana Castory. Nikasema mwaka ujao."

"Mwaka ujao," alirudia Lea. Alitazama chini kwenye mabua ya mtama aliyokwisha kukata. "Mkewe Castory alipokufa nilipita njia ya juu. Sikupeleka hata ndoo ya maji. Marehemu alikuwa ananipa mbegu za mlenda kila msimu, kabla ya haya."

Castory alivua kofia, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi. "Na paa lako lilipoezuliwa nilisimama mlangoni nikaangalia mabati yakiruka. Nilifurahi, mama. Mungu anisamehe."

Mwenyekiti alikohoa, akasema kazi ni kazi. Ilichukua nusu saa. Mipaka yote ingesogea kuelekea korongoni, shamba moja baada ya lingine, mpaka kila mtu afikishe ekari yake, na kipande cha mwisho kingekwisha. Denis avune alizeti za msimu huu, ahamishe matofali yake kabla ya kulima. Mmoja mmoja walitia sahihi, asiyejua kuandika akachovya dole gumba kwenye wino. Sabrina alimuuliza Zipora taratibu kama ana lolote la kuongeza kwenye fomu. Zipora alisema aandike kama lilivyo.

Lea ndiye aliyetia sahihi wa mwisho. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo, na njia fupi ilikatiza kwa Castory, njia ambayo hakuwa ameikanyaga tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Alisimama pembeni ya mahindi.

"Pita tu," alisema Castory. "Au unasubiri nikubebe?"

"Utaniangusha makusudi," alisema Lea. Akakusanya pindo la kanga, akapita katikati ya mahindi makavu upande upande, asivunje bua.

Watu walitawanyika. Zipora alikwenda nyumbani, akasonga ugali wa uwele, akachemsha mlenda, akaupakua kwenye bakuli na kuufunika. Alichukua jagi la maji na beseni, akateremka navyo kuelekea korongoni.

Denis alikuwa amekaa juu ya matofali yake. Nyasi za kufunikia alishaziondoa, na matofali machache yalikuwa chini, yamepangwa safu mpya upande wa pili wa njia, ardhi isiyo ya mtu. Hakugeuka aliposikia hatua zake.

"Mbukwa, baba," Zipora alimsalimia kwa Kigogo, kama alivyomsalimia alipokuwa mtoto amenuna.

Denis alikuwa na kichwa cha alizeti mapajani, akikipukuchua kwa kidole gumba, punje zikidondoka kwenye vumbi.

"Ningejenga mwezi wa nane," alisema mwishowe, kwa alizeti, si kwa mama yake. "Nilishamwambia fundi."

"Najua."

"Ungeniambia mimi kwanza. Peke yangu. Ungeniambia."

Zipora aliweka bakuli juu ya tofali, beseni mbele ya magoti ya mwanawe, akashika jagi kwa mikono miwili. Aliliinamisha. Maji yakafika ukingoni mwa jagi, yakasimama pale yaking'aa, yakingoja mikono ya Denis.