Bahasha za Studio

Miaka miwili fundi cherehani aliambiwa "subiri, mama," naye akasubiri. Filamu elfu tisa za picha za studio ya zamani zilikuwa ofisi ya nyaraka, zikiingizwa kwenye kompyuta ili kila mtu azione. Moja ilikuwa ya mama yake, aliyefariki siku ile ile aliyomzaa. Marehemu alipigwa picha mara moja tu maishani, na ile picha ya nyumbani iliteketea pamoja na nyumba. Fundi ana miaka hamsini na mitatu na hajawahi kuiona sura ya mama yake. Hebu fikiria!

Mara ya kwanza alikwenda na mama mkubwa, dada wa marehemu, mtu pekee aliyebaki aliyeijua sura ile. "Tuonyesheni tu, wanangu," bibi yule alisihi. "Macho bado ninayo." Wakajibiwa kwamba wageni hawaruhusiwi, watachafua filamu. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mama mkubwa alizikwa mwezi wa nane.

Lakini alimwachia siri ya studio. Mpiga picha alijitengenezea mwenyewe bahasha za kutunzia filamu: aliandika jina la mteja kwenye karatasi, ndipo akaikunja na kuigundisha, jina likabaki ndani, wambea wasilisome. Ukilitaka, uichane bahasha.

Siku alipoitwa, fundi alivaa gauni alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo tu. Mkuu wa kazi, bwana mwenye glavu nyeupe na maneno matamu, akamketisha mbele ya kompyuta.

"Ona usafi huo, mama! Kila filamu ina bahasha mpya na namba yake."

"Na zile za zamani?"

"Aa, zile! Ukungu na mende watupu. Tulizichoma."

"Mlizichana kwanza?"

"Tuzichane za nini? Hazikuandikwa kitu."

Fundi akamweleza kwa hasira siri ya zile bahasha. Bwana akavua glavu taratibu, akazikunja.

"Maji yakimwagika hayazoleki, mama," alisema. "Lakini pitia tu. Ukimtambua, utuandikie jina lake."

"Jina lake ninalo tangu nizaliwe! Sura ndiyo niliyoifuata!"

Bwana akazitia glavu mfukoni. Sura hiyo wangeitoa wapi, watu waliomfukuza bibi mwenye macho?

Kioo nacho hakikumsaidia fundi, maana yeye ni baba yake mtupu, kuanzia pua hadi vidole. Hata hivyo aliketi akafungua picha moja moja. Wanawake vijana, wengine wakicheka, na chini ya kila mmoja maneno yale yale: Mwanamke, hajulikani. Fundi alimtazama kila mmoja kwa muda, asije akamkosea adabu mama yake. Mlinzi alipokuja kufunga mlango, alikuwa ameshawapita wanawake mia nne, na hakujua kama mama yake alikuwa mmoja wao.